Magunia Saba Chumbani Mwako

Baba,

Hii ni mara ya kwanza nasema nawe. Miaka kumi na saba nimeishi katika mji wako, nimekupikia, nimekufulia, nimekuzalia wajukuu watatu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukuamkia hata kwa shikamoo. Mkwe wa kike hasemi na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hakutani naye njiani, haingii nyumba aliyomo. Ndiyo ukutila yetu, na mimi niliishika kama mama yangu alivyonifundisha kule Katumba Songwe. Nikikuona mwisho wa njia naingia migombani na ndoo yangu kichwani, nakaa humo na mbu mpaka upite. Sasa umekufa, miezi miwili imepita, sina tena wa kumkwepa. Basi leo utanisikiliza. Nimekasirika, Baba. Nimekukasirikia mpaka nashindwa kukulilia vizuri.

Nakuandikia kwenye daftari la Bupe, mjukuu wako, ambalo halijaisha. Ni mchana, mvua inanyesha, hakuna wa kwenda shamba. Mama, mkeo, amejinyoosha kidogo. Mume wangu, mwanao, amechukua baiskeli kwenda mpakani Songwe kuleta sabuni na chumvi za kuuza. Nimepata nafasi ya kukaa na wewe peke yetu, jambo ambalo ungekuwa hai lingetugharimu ng'ombe wa faini.

Nianze na habari za nyumbani. Mji upo. Mama anakula, ingawa anajisahau na kukutengea ugali, halafu ananipa mimi nimalizie. Kakao siku hizi hatuiuzi mbichi. Tunaivundika wenyewe kwenye majani ya mgomba, tunaianika, na mnunuzi anatoa bei ya maana kidogo. Sukari sinunui tena ya kufungwa kwenye karatasi, kijiko kijiko, maana nilipokaa nikafikiri niliona nanunua kilo moja kwa bei ya kilo moja na nusu. Gunia la mpunga halishonwi tena na kilemba juu. Ukumbuke wale wachuuzi wa malori walivyotuzoesha: gunia lijae, lipandishwe kichwa, lishonwe kwa kamba mpaka lifanane na mwanamke aliyefunga kitambaa cha harusi, na bei ni ileile ya gunia. Nimekataa. Mmoja alinicheka akasema, "Mama, hili ni soko huria." Nikamwambia uhuru wenyewe ndio huu, sasa nenda.

Ni mambo madogo. Hakuna hata moja linalohitaji akili ya mtu aliyesoma chuo cha kilimo Uyole. Nilikuwa nayajua tangu zamani, Baba, na nilikuwa nakuletea. Tatizo ni kwamba nilikuwa nakuletea kwa kumtuma mtu.

Unakumbuka ule mwaka nilipokutumia ujumbe kuhusu kuuza mpunga? Labda hukumbuki, kwa sababu haukukufikia. Mimi nilimwambia mume wangu: "Mwambie baba tusiuze wote mwezi wa saba. Kila mtu anavuna, bei imelala chini. Tuweke nusu mpaka mvua za mwaka mpya, watu wakianza kuhangaika, ndipo tuuze." Maneno yamenyooka kabisa. Mume wangu, mtoto mwenye adabu, akaona ni vibaya mkwe kumfundisha mkwe. Akafika kwako akasema, "Mama Tumpe anauliza kama mpunga utatosha." Nawe ukachukia, ukajibu, "Mwambie kwangu hatalala njaa." Mimi nikapokea jibu hilo jikoni nikadhani umenikatalia na kunitukana juu yake. Nikanuna mwezi mzima. Ukanuna na wewe. Tulikuwa tunanuniana kupitia ukuta wa matete, na hakuna aliyejua mwenzake kanunia nini.

Ndipo nilipofanya nilichofanya. Nakuungamia sasa. Mwaka ule Tumpe, binti yangu mkubwa, alipoingia darasa la saba, nilianza kupunguza mpunga ghalani. Kila gunia debe moja. Si wizi, Baba, ulikuwa ni mpunga nilioupanda na kuupalilia mwenyewe, magoti kwenye tope. Nilikuwa naumwaga kwenye pipa lililo nyuma ya jiko, nafunika na kuni. Mtoto alikuwa na akili. Mwalimu alikuwa ameshanidokeza kwamba atachaguliwa, na siku zenyewe ni hizi za kuchangia gharama, ada juu, sare juu, godoro juu, hata jembe la shule unalipeleka wewe. Nikasema debe moja moja halitaonekana.

Ghala lile halikuwa na kufuli, lakini lilikuwa na saa zake. Asubuhi lilikuwa lako, mimi nikiwa mtoni. Alasiri lilikuwa langu, wewe ukiwa umekwenda kwa wazee wenzako. Hatukuwahi kukutana humo hata mara moja. Wewe ulikuwa unakohoa ukikaribia, nami nilikuwa nagonga ndoo. Ukutila ilituwekea ratiba nzuri kuliko ya basi la Mbeya.

Na ndani ya ratiba hiyo, Baba, na wewe ulikuwa unapunguza! Kila gunia debe moja! Kwa ajili ya mtoto yuleyule!

Sikujua mpaka ulipokufa. Acha nieleze vizuri, hatua kwa hatua.

Siku za msiba watu walikuwa wengi. Ulikuwa mtu wa watu, walikuja kutoka Mwaya, kutoka Njisi, hata ndugu wa upande wa Malawi walivuka. Fahali mmoja akaisha siku ya pili. Wajomba wakaanza kuulizia mpunga, wakasema kwa mzee kama huyu haikosi akiba chumbani. Mama akatoka, akaketi mlangoni pa nyumba yako, akanyoosha miguu akaziba njia. "Humu hamna kitu," akasema. "Kateni ndizi." Akakaa pale siku tatu. Watu walisema ni uchungu. Mimi pia nilidhani ni uchungu, nikampelekea uji palepale.

Matanga yalipokwisha na watu kuondoka, aliniita. Alikuwa amesimama ndani, mimi nimesimama nje, kama kawaida. Akasema, "Ingia, mwanangu." Nikarudi nyuma hatua moja. Akasema tena, "Ingia. Hayupo."

Niliingia nimeinama, viatu mkononi. Miaka kumi na saba nilikuwa sijui hata kitanda chako kimeelekea wapi. Chumba kilinuka tumbaku na pumba. Mama akavuta mkeka uliotundikwa nyuma ya kitanda na pale nyuma palikuwa na magunia, yamepangwa moja juu ya jingine, saba. Nilidhani ni nguo za mitumba. Nikaweka mkono. Mpunga, Baba. Mpunga wetu, ule mrefu wa mbugani, naujua hata gizani.

"Ni wa shule," mama akasema. "Alianza mwaka ule wa Tumpe."

Nilikaa chini palepale sakafuni kwako.

Sasa ndipo nilipoanza kuelewa maisha yangu. Haba na haba hujaza kibaba, wanasema, na ni kweli, lakini sisi tulikuwa tunajaza vibaba viwili kutoka gunia moja, kila mtu kwa saa yake. Mimi nikiingia alasiri naona gunia limepungua zaidi ya nilivyolipunguza. Wewe ukiingia asubuhi unaona vivyo hivyo. Wewe ukasema panya. Ukaleta paka, yule mweusi mvivu. Ukatega mtego wa chuma nyuma ya magunia, na ule mtego, Baba, haukukamata panya, ulikamata kidole changu cha mguu, nikauma kanga nisipige kelele maana nilikuwa nimebeba debe la wizi. Wiki nzima nilichechemea nikasema nimejikwaa.

Mimi nilikuwa sisemi panya. Nilikuwa nasema mume wangu. Nani mwingine ana baiskeli? Nani anavuka Songwe kila wiki na mizigo iliyofunikwa turubai? Nilimpekua mifuko. Nilinusa mdomo wake. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mume akiwa na akili zake. Na wewe, upande wako, paka aliposhindwa ukageukia mtu huyohuyo. Ulimwita mbele ya wazee ukamwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mwanao wa pekee wa kiume, ambaye hajawahi kuchukua hata punje. Akaondoka pale akasema, "Mlango wa baba sitaukanyaga tena." Na hakuukanyaga.

Kwa kuwa mpunga unaibiwa, ukaamua bora uuzwe mapema. Lori la kwanza likifika mwezi wa saba, unatoa ghala zima kwa bei ya kutupa, pamoja na vile vilemba. Kwa hiyo mimi na wewe, watu wawili wabahili kuliko wote katika kijiji hiki, watu wawili tuliotaka kitu kimoja, tuliiharibu nyumba kwa kuweka akiba. Nimetafuta mtu mwingine yeyote aliyefanya upumbavu wa namna hii nimcheke, sijampata.

Na ningecheka. Haki ya Mungu ningecheka, kama isingekuwa Tumpe.

Alichaguliwa. Unajua alichaguliwa, ulisikia vigelegele. Nilikuwa nimeshauza sehemu ya pipa langu nikanunua sare, sanduku, na lile godoro. Kilichobaki hakikufika ada. Kilipungua kidogo tu, Baba, si cha kuuzia shamba. Nikamtuma mama kwako: "Ada imepungua, tusaidie." Mama alikuja, akasema. Hilo lilifika jinsi nilivyolisema, nimemuuliza, ameapa. Nawe ulijibu nini? Ulisema, "Baba yake yuko wapi? Aje mwenyewe aniombe." Mama akamwendea mume wangu: "Nenda kamwombe baba yako." Akajibu, "Mwizi haombi." Mama akarudi kwako, ukasema aje. Akarudi kwake, akasema haendi. Wiki tatu mama alikuwa anatembea uani kama mtu aliyepotelewa na kuku. Shule ikafunguliwa, ikaenda, nafasi ya mwanangu akapewa mwingine.

Nilimuuliza mama, siku ile nimekaa sakafuni, "Mama, ulijua anaweka mpunga. Na mimi pipa langu ulilijua?"

"Nililijua."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Yeye alinikataza nisikwambie. Na wewe ulinikataza nisimwambie."

Ni kweli. Nilimkataza. Nilimwapisha kabisa.

Tumpe alikaa nyumbani mwaka mmoja akinisaidia kuuza maandazi. Mwaka wa pili akaja kijana wa Njisi. Sikuwa na la kumzuia nalo. Lile godoro la shule aliondoka nalo, likawa la ndoa. Sasa ana mtoto wa miezi mitano mgongoni, anavuna mpunga wa ukweni, na siku nyingine akija nikimwangalia anavyomsomea Bupe maswali ya hesabu bila kutazama kitabu, natoka nje nijifanye naangalia moto.

Nilishusha yale magunia na mama, moja moja. Matano ni mazima. Mawili ya chini kabisa panya wameyamaliza, yamebaki maganda na uchafu. Hapo ndipo panya walipokuwa, Baba, si ghalani. Na mama akaniambia bila kuulizwa kwamba hayo mawili ndiyo ya mwanzo, ya mwaka wa Tumpe. Mawili hayo na mpunga uliobaki kwenye pipa langu vingetosha, vingezidi. Ulilala kando yake ukisubiri kuombwa.

Ndiyo hasira yangu hiyo. Si kwamba ulikuwa mchoyo, ungekuwa mchoyo ningekusamehe haraka, ningesema ndivyo alivyo. Ulikuwa mwema. Ulikuwa mwema nyuma ya kitanda. Mwema gani huyo anayehitaji mtu apige magoti kwanza? Na mimi je? Nilikuwa umbali wa kutupa jiwe. Ningesimama uani siku moja nikapaza sauti, "Baba, mtoto anakosa shule!" Wangenishangaa, wangenitoza ng'ombe, wangesema binti wa Katumba Songwe hana malezi. Na ng'ombe huyo angekuwa rahisi kuliko tulicholipa. Wakristo wenzetu pale kanisani wengi walishalegeza, mkwe anampa baba mkwe mkono baada ya ibada na mbingu hazianguki. Mimi nilikuwa najivunia kwamba nyumba yetu bado ina heshima.

Katika kupanga vitu vyako niliona kadi yako ya ushirika, ya zamani, ina picha. Mama akasema nitazame tu. Ndiyo mara ya kwanza nimekuona uso vizuri. Jenezani sikukuangalia, nilijifunika. Kumbe masikio ya Bupe ni yako. Nimemfunika kofia mtoto huyo tangu azaliwe nikiwaza kayatoa wapi. Nilikaa na kadi ile muda mrefu, na hapo ndipo nilipolia, kidogo, kisha hasira ikarudi.

Nimemwomba mume wangu msamaha. Nilipika samaki, nikamwambia yote, la pipa na la magunia. Alisukuma sahani ya samaki pembeni. Halafu akasema, "Kwa hiyo hakuna aliyeiba." Nikasema hakuna. Akaenda akakaa kwenye kaburi lako mpaka jua likashuka, sijui alikuambia nini, nadhani hakusema kitu. Amerithi kwako. Lakini sasa ghala lina kufuli moja na ufunguo unaning'inia jikoni kwenye msumari, mahali kila mtu anapopaona. Gunia likifunguliwa tunakuwepo wote watatu, mama, yeye na mimi. Ni jambo dogo kuliko yote niliyobadilisha, na ndilo lililotushinda miaka yote.

Bupe amechaguliwa. Nimekuambia la furaha mwishoni kwa makusudi, nawe uonje kusubiri. Magunia yako matano hatukuyagusa hata mama alipoishiwa dawa ya miguu. Bei inapanda kila gulio. Wiki ijayo tunakoboa na kuuza mchele, si mpunga, na ada inatimia na kubaki. Kwa hilo ndaga fijo, Baba. Asante sana. Nilitakiwa niseme nawe ukiwa hai, nikaona aibu ya mila.

Limebaki moja, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Tumpe hajui. Hajui kwamba mpunga ulikuwepo. Anaamini tulikosa, kama watu wengine wanavyokosa, na amelikubali, hana kinyongo na mtu. Kesho anakuja kutusaidia kuanika. Ataona magunia na atauliza, maana yule anauliza. Mama anasema, "Mwambie mjomba ametuletea. Ya nini kumchoma mtoto moyo?" Mume wangu anasema tumwachie mama amweleze taratibu, yeye anajua maneno. Wote wananipenda, wote wanataka kunisaidia, na mimi nilishaanza kukubali. Nilishafikiri hata maneno ya kumpa mama akampelekee.

Kisha nikajisikia, Baba. Nikajisikia jinsi ninavyofanana nawe.

Lala salama. Sikuchukii. Lusajo wetu, mjukuu wako wa kiume, akikua akaleta mke, siku ya kwanza nitamkalisha na baba mkwe wake meza moja, wale na wasemezane, na atakayetaka ng'ombe aje kwangu adai. Hiyo ni ahadi ya mbali. Ya karibu ni hii: kesho, kabla Tumpe hajashusha mtoto mgongoni, nitamshika mkono nimwingize chumbani mwako, nimwonyeshe mahali yalipokuwa yale mawili, na nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akinitukana, nitakuwa nimesimama mbele yake.

Mkweo,
Mama Tumpe